Sauti ya Mdogo Wake

Meno ya bandia hujaribiwa kwanza yakiwa bado yamesimikwa kwenye nta. Fundi huyaingiza mdomoni mwa mgonjwa, humwacha ameze mate, kisha humwambia ahesabu kuanzia sitini. Sitini na moja, sitini na mbili, mpaka afike sitini na sita, polepole. Hesabu hiyo huumbua kila kosa. Meno yakizidi urefu, mgonjwa anapiga mluzi bila kutaka. Yakikaa nyuma mno, ulimi unajikwaa. Fundi husikiliza huku akitazama midomo, halafu huyatoa, huyeyusha nta kwa moto mdogo, husogeza jino moja unywele mmoja, na kumwomba mtu aanze tena.

Mwanamke mmoja alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu alipotoka chuoni, katika chumba cha nyuma cha kliniki ya meno. Chumba kilikuwa na dirisha moja, beseni lenye ukoko wa plasta, na rafu iliyojaa mataya meupe ya watu wanaoishi na wengine waliokwisha kufa. Daktari wa chumba cha mbele alimwita Fundi, mlinzi wa getini alimwita Fundi, na wagonjwa wote walimwita Fundi, hata akakaribia kusahau kwamba zamani aliitwa kitu kingine.

Siku moja alikuwa na mzee aliyewahi kuongoza kwaya. Mzee alihesabu mpaka sitini na sita, akajisikiliza kama mtu aliyesikia hodi mlangoni.

"Fundi, huyu anayeongea ni nani?"

"Ni wewe, mzee wangu."

"Si mimi. Mimi siongei hivi. Huyu ni karani wa mahakama."

"Mpe muda. Ulimi umeingia nyumbani ukakuta viti vimehamishwa. Utajigonga huku na huku, halafu utazoea."

"Nitarudi kuongea kama kwetu? Wajukuu zangu wasinikimbie?"

"Wote hurudi," alisema Fundi.

Hakuwa anamfariji tu. Alikuwa amewaona. Watu walitoka pale wakiongea kama wageni, kila mmoja na uzito usiokuwa wake, na walipokuja kukaguliwa walikuwa wamerudi walikotoka: wa mlimani na mlima wake, wa bondeni na bonde lake. Ulimi haukuhitaji kufundishwa. Katika mambo yote aliyoyajua, hilo ndilo alilokuwa na hakika nalo zaidi.

Mdogo wake alifariki mwaka huohuo. Ugonjwa ulikuja kama mafua, ukamchukua kabla ndugu hawajaelewa kwamba si mafua. Aliacha binti mmoja wa darasa la tano. Baba wa binti alikuwa ameondoka zamani sana, akabaki kuwa mtu wa kutajwa kwa sauti ya chini. Baada ya mazishi wazee walikaa, wakaulizana mtoto aende wapi, lakini macho yalikuwa yamekwisha kumwangukia dada mtu. Alikuwa na kazi, alikuwa na nyumba ya vyumba viwili mjini, na hakuwa na mtoto.

"Aende kwa mama yake mkubwa," bibi wa mtoto alisema, akiwa amejifunika kanga mpaka machoni. "Huko kuna shule. Mimi nitampa nini zaidi ya kuniona nikilia?"

Siku za mwanzo mtoto hakusema neno. Aliitikia kwa kichwa. Alikula akiambiwa, alioga akiambiwa, alilala amejikunja ukutani kama nguo iliyosahauliwa. Fundi alimwacha.

Halafu jioni moja, Fundi akiwa chumbani anakunja nguo, sauti ikatoka jikoni.

"Mama mkuubwa. Maji yamecheemka. Niyatooe?"

Fundi akaketi kitandani na shuka lililokunjwa nusu. Ilikuwa sauti ya mdogo wake.

Haikuwa sauti yenyewe. Ya mtoto ilikuwa nyembamba, na ya marehemu ilikuwa nzito yenye mikwaruzo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Kilichofanana kilikuwa mwendo. Watu wa kwao walivuta neno karibu na mwisho, kisha wakaiweka silabi ya mwisho chini taratibu, kama mtu anayetua ndoo iliyojaa asimwage. Na swali la kwao halikupanda juu kama maswali ya mjini. Lilishuka. Mtu wa kwao akikuuliza, ungedhani anajua jibu na anakusubiri tu uaibike. Mdogo wake alikuwa hivyo hasa. "Umekuula?" angeuliza kwenye simu, na Fundi, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, angejikuta anakiri kwamba hajala.

"Mama mkubwa?" sauti iliita tena.

"Yatoe," Fundi alijibu, na akabaki pale mpaka shuka lote likajikunjua magotini.

Yeye mwenyewe alikuwa akiongea hivyo zamani. Siku ya kwanza chuoni walitakiwa kusimama mmoja mmoja na kujitambulisha. Alisimama, akasema alikotoka na shule aliyosoma, na darasa likacheka. Halikucheka kwa ubaya. Kijana mmoja wa nyuma alisema, "Jamani arudie, tamu hiyo." Fundi aliketi, na kuanzia saa ileile akaanza kufupisha. Hakuna aliyemlazimisha. Alisikiliza wenzake wanavyokata maneno, naye akakata. Mwaka ulipoisha alikuwa anaongea kama mtu asiyetoka popote.

Mdogo wake ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwambia. "Haya, taarifa ya habari hiyo imefika," angesema akipokea simu. Fundi aliwahi kujaribu kurudi nyuma, likizo moja, wakiwa wanachambua mchele uani. Alivuta maneno kama zamani. Mdogo wake akacheka mpaka ungo ukamponyoka.

"Acha, dada. Unaniigiza, na unaniigiza vibaya."

Hakujaribu tena.

Na hapakuwa na kumbukumbu nyingine ya sauti ile. Mdogo wake hakutuma ujumbe wa sauti hata mara moja. Alisema yeye haongei na ukuta, mwenye shida apige wasikilizane. Simu ya zamani ya Fundi, ambayo pengine ilikuwa na video ya sherehe fulani, ilitumbukia kwenye ndoo ya plasta kazini na kuganda humo kama jino. Kwa hiyo kilichobaki duniani cha sauti ya mdogo wake kilikuwa kinywani mwa mtoto yule, na Fundi, aliyeishi kwa kusikiliza vinywa, alikijua mara tu alipokisikia.

Ndipo alipoanza kuwa mgumu wa kusikia.

"Umesemaje, mwanangu?"

"Nimesema chumvi imekwiisha."

"Nini imekwisha?"

"Chuumvi, mama mkubwa."

Alimuuliza maswali ambayo hayakuwa na haja. Alimtaka asimulie alichosoma, alichoota, njia aliyopita kurudi nyumbani. Mtoto alikuwa mpole, alirudia kila kitu, tena kwa sauti ya juu, akimsogelea upande mmoja. Baada ya muda jirani msusi, aliyesukia watu barazani kwake, alimsimamisha Fundi akitoka kazini.

"Jirani, pole na sikio."

"Sikio gani?"

"La kushoto. Mtoto amenieleza yote. Amesema nikitaka kuongea na wewe nije upande wa kulia."

Fundi alicheka, kwa mara ya kwanza tangu msibani. Msusi naye akacheka bila kujua anacheka nini, chanuo likiwa limesimama nyweleni mwa mteja. Usiku ule Fundi aliamua kupunguza. Lakini kesho yake mtoto alisema neno la kawaida kabisa, "kijiko," na yeye akasikia ulimi wake mwenyewe ukisema, "Umesemaje?"

Shule iliharibu mambo, au iliyatengeneza. Fundi hakuwahi kujua aseme lipi. Mtoto alirudi siku moja, akavua viatu, akaviweka sambamba mlangoni kwa uangalifu uliozidi.

"Wananiita Betri," alisema.

"Betri? Kwa nini?"

"Eti naongea kama redio iliyoishiwa betri."

Fundi aliuma midomo kwa ndani. Ilikuwa kweli kabisa; mtu asingeweza kuieleza lafudhi ya kwao vizuri kuliko hivyo.

"Na mwalimu anasemaje?"

"Mwalimu naye alicheka. Kidogo tu. Alijifunika kitabu."

Mtoto alikuja akaketi mezani. Alichezea ukingo wa kitambaa cha meza, akaukunja, akaukunjua.

"Mama mkubwa, wewe uliachaje?"

"Kuacha nini?"

"Kuongea kama siisi. Bibi alisema na wewe ulikuwa hivi, ukaacha. Nifundiishe."

Fundi alitazama mdomo ule mdogo. Alijua jinsi ya kufanya. Angeweza kumwambia: usivute hapo, kata, swali lipandishe, meza silabi ya mwisho. Kwa jioni chache tu angemaliza. Alijua pia kwamba angeweza kusema, usiache, nakuomba, hiyo si yako peke yako. Lakini ungemwambiaje mtoto wa darasa la tano abebe sauti ya marehemu mdomoni na kuchekwa nayo kila siku, ili mtu mzima mmoja aisikie jikoni?

"Hakuna cha kufundishwa," alisema mwishowe. "Itakuja yenyewe."

Aliona mabega ya mtoto yakishuka kwa nafuu, naye akajisikia kama mtu aliyetia sahihi asichokisoma. Akaongeza haraka, "Na hii ya kwetu nayo haipotei. Ulimi hurudi nyumbani. Mimi nawaona kazini." Akamsimulia habari za mzee wa kwaya na karani wa mahakama. Mtoto alisikiliza kwa heshima.

"Lakini mimi sitaki irudi," alisema.

Ilianza kuondoka kwenye salamu. Mtoto aliingia mlangoni akisema "Shikamoo" fupi, kavu, kama mtu anayegonga mhuri. Kisha zikafuata tarakimu, kwa sababu hesabu walikuwa wakizisoma kwa pamoja darasani. Kisha majina ya wenzake. Fundi alifuatilia kama anavyofuatilia nta inayolainika: huwezi kusema imeyeyuka wakati gani, unaona tu kwamba jino limeinama. Maswali yalikuwa ya mwisho kubadilika, lakini siku moja mtoto aliuliza, "Leo tunakula nini?" na neno la mwisho likapanda juu, likabaki limening'inia pale juu ya meza. Fundi alikuwa ameshika mwiko. Alimwangalia mtoto, na mtoto akamwangalia, hajui kilichotokea.

"Umesemaje?" Fundi aliuliza.

"Leo tunakula nini?" Tena juu.

Bado lafudhi ile ilikuwepo, lakini ilijificha. Ilitokea mtoto akiwa na usingizi, au amekasirika, au amejigonga kidole. Fundi alijikuta, kwa aibu, akimchelewesha kulala kidogo.

Ndipo alipowaza dawa. Bibi alikuwepo, mama yao, aliyekuwa na lafudhi ile tangu kabla Fundi hajazaliwa. Mtoto ampigie bibi kila jioni. Akiisikia kila siku itamshika tena, kama moto unavyohamia kuni. Mtoto hakukataa, alimpenda bibi yake. Fundi alimbonyezea namba, akaweka sauti kubwa, akajifanya anapiga pasi.

"Habari za jioni, mjukuu wangu," alisema bibi kwenye simu. "Je, umeshatoka shuleni? Masomo yanaendeleaje?"

Fundi aliinua pasi asichome gauni. Bibi alikuwa anakata maneno. Alikuwa anapandisha maswali. Alikuwa anaongea kama mtu anayehojiwa redioni.

"Yanaendelea vizuri, bibi," alijibu mtoto, naye amenyoosha mgongo. "Na wewe unaendeleaje?"

"Nashukuru sana. Tunaendelea vyema."

Walizungumza hivyo kwa adabu, kama viongozi wawili waliokutana uwanja wa ndege kupokea wageni. Kesho yake ikawa vilevile. Siku ya tatu Fundi alimpigia mama yake akiwa kazini, ametoka nje nyuma ya kliniki.

"Mama, kwa nini unaongea naye vile?"

"Vile vipi?"

"Hivyo unavyokata. Ongea naye kawaida."

"Kawaida ndiyo ipi? Wewe ulipoenda chuo nikaongea na wewe kawaida, ukawa unanikatiza kila neno, 'umesemaje mama, umesemaje mama'. Nikajifunza. Sasa mtoto wa watu yuko mjini, wenzake wanasikia simu, nimwaibishe mke mwenzangu mimi?"

"Hakuna mwenzake anayesikia. Ninasikia mimi tu."

"Basi wewe ndiye nitakayekuwa nakuaibisha," alisema bibi, akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha kwao kabisa, kirefu na cha kushuka. Halafu akasema kwa upole, "Mwanangu, mwache mtoto akue."

Fundi alikuwa na tumaini moja lililosalia, na lilitoka kazini kwake. Ulimi ulihitaji tu kurudishwa kwenye chumba chake. Shule zilipofungwa alimpeleka mtoto kwa bibi akakae likizo nzima, na wajomba wadogo na binamu wa rika lake, kule ambako hata kuku, mdogo wake alikuwa akisema, huwika kwa kuvuta. Yeye alirudi mjini peke yake. Nyumba ilikuwa kimya, naye akauvumilia ukimya ule kwa furaha, kama anavyosubiri plasta ikauke kwenye kalibu. Akirudi, alijiambia, atarudi nayo.

Alienda kumchukua siku chache kabla ya shule kufunguliwa. Alipokaribia nyumba ya mama yake alisikia watoto wakicheza uani, na akasimama nyuma ya ua ili asikie vizuri.

"Wewe umeshatoka, sasa ni zamu yangu," mmoja alisema, kwa kukata.

"Hapana, ni ya kwangu. Kwani hukuona?" mwingine alisema, akapandisha.

Fundi alishindwa kumtambua wake ni yupi. Wote walikuwa wanaongea kama mtoto wa mjini. Binamu mdogo kabisa, aliyekuwa bado hajui kutamka maneno magumu, alikuwa anapandisha maswali kuliko wote.

"Amewafundisha," alisema bibi baadaye, akimpa Fundi maji ya kunywa. Hakuwa na hasira. "Siku ya kwanza walimcheka, wakamwita Mtoto wa Televisheni. Siku ya pili wakaanza kumuiga kwa utani. Sasa utani umewaganda. Jana mjukuu wangu mwingine kaniuliza, bibi mbona unaongea polepole, unaumwa?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia naumwa."

Fundi alikunywa maji yote bila kupumzika. Alimtazama mama yake, kizee mwembamba aliyeketi kwenye kigoda, na wazo likampitia kwamba baada ya huyu hakuna tena. Alitaka kutoa simu amrekodi, aseme lolote, ahesabu hata kuku. Aliitoa. Mama yake alipoiona akajiweka kanga vizuri, akakohoa, akasema kwa sauti ya redio, "Je, tayari umeshawasha?"

Akairudisha simu mkobani.

Wiki hiyohiyo mzee wa kwaya alikuja kukaguliwa. Aliingia chumba cha nyuma akiwa amekwisha kuanza kuongea tangu getini, na alipoketi kitini alikuwa bado hajamaliza. Lafudhi yake ilijaa chumba kama mtu aliyeleta mizigo yake yote. Fundi hakuwa na haja ya kumhesabisha, lakini alimhesabisha. Sitini na sita ilitoka kama wimbo.

"Ulisema kweli, Fundi," alisema mzee. "Nimerudi. Wajukuu wamenipokea."

"Ilichukua muda?"

"Sikujua hata. Nilikuwa namkemea mbuzi shambani, nikajisikia, nikasema ahaa, huyu ndiye mimi."

Fundi alimpa kioo ajitazame. Akataka kumuuliza kitu, akakosa namna ya kukiuliza. Alitaka kujua kama mzee angeongea hivi leo iwapo angeng'olewa, si meno tu, bali pia shamba, wajukuu na yule mbuzi. Lakini hilo alilijua. Meno ya bandia yalikuwa yamehamisha viti ndani ya nyumba. Nyumba yenyewe ilikuwa imebaki pale ilipo. Mtoto wake hakuwa amehamishiwa viti. Alikuwa amehamishwa yeye. Miaka yote amewaambia watu wote hurudi, na hakuwahi kujihesabu mwenyewe.

"Unaumwa?" mzee aliuliza.

"Hapana, mzee wangu. Fungua mdomo tena."

Jumamosi moja, wakati muhula umekwisha kukolea, mtoto aliomba wenzake waje nyumbani. Walikuja wasichana wanne wenye kelele za ndege. Walijazana kwenye kochi, na Fundi akaenda jikoni kuwakatia matunda. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye sinki. Aliyafunga ili atafute kisu, na ndipo aliposikia.

"Betri, fanya ile."

"Ipi?"

"Ile ya mama anamwita mtoto. Tafadhali, huyu mgeni hajaisikia."

Kulikuwa na kusukumana, kicheko, mtu akasafisha koo. Halafu, upande wa pili wa ukuta, mdogo wake akasimama mlangoni kwake kama jioni zote za maisha yake, akaita:

"We mwaana. Jua limezaama huko uliko, au kwako bado linawaaka? Haya njooo. Kabla sijaja mwenyeewe. Nikija mwenyewe, nitakuja na mwiiko."

Wasichana walicheka mpaka mmoja akateleza kwenye kochi. Fundi alikuwa ameshika papai kwa mikono miwili. Si mwendo peke yake. Yalikuwa maneno yenyewe, na ule mkwaruzo, na pale katikati ambapo mdogo wake alikuwa akinyamaza ili mtoto apate nafasi ya kuogopa. Kila kitu kilikuwepo, kimehifadhiwa chote. Mtoto hakuwa amepoteza hata punje. Alikuwa amekihamishia kwenye michezo.

"Tena, tena," walisema.

Akarudia. Safari hii alizidisha kidogo, kwa sababu ya kicheko, akavuta pale pasipovutwa. Fundi alisogea bila kujua, mlango ukasukumika, na wasichana wote wakageuka. Mtoto aliona uso wa mama yake mkubwa. Akashusha mkono aliokuwa ameuinua kama mwenye mwiko.

"Samahani, mama mkubwa."

"Samahani ya nini? Endeleeni," alisema Fundi. "Nimekuja kuuliza nani hali papai."

Wote walikula papai. Hakuna aliyeomba ile tena.

Jioni wageni walipoondoka, mtoto alikuwa anakusanya sahani. Fundi alikaa kwenye mkono wa kochi.

"Ile ya kuita," alisema. "Ifanye tena. Mimi sijakasirika."

Mtoto alisita. Akaweka sahani chini, akasimama katikati ya sebule, akavuta pumzi.

"We mwana. Jua limezama huko uliko..."

Akajaribu upya, akavuta zaidi. Ilitoka kama mtu anayesoma ubaoni. Uso wake ukawa na wasiwasi, akamtazama Fundi, fundi wa vinywa, amsaidie.

"Hivi?"

"Vuta kidogo pale mwishoni."

"Mwaaana."

"Si huko. Ni hapa, subiri." Fundi alifungua mdomo amwonyeshe. Alisema neno, akajisikia, ikawa ni ile ile ya uani, ya kuigiza, vibaya. Alijaribu tena, chini zaidi. Mtoto alimwangalia kwa makini, akamfuata. Na kadiri walivyofuatana ndivyo walivyozidi kwenda mbali, mpaka neno likawa kelele tu isiyo ya mtu yeyote.

"Mama alikuwa anaongea hivyo kweli?" mtoto aliuliza, na swali lake likapanda juu.

Fundi alitaka kusema ndiyo.

"Karibu," alisema. "Karibu hivyo. Nenda kamalizie kazi zako za shule."

Jumamosi iliyofuata aliamka mapema, akapiga deki, akanunua mapapai mawili na nanasi. Mtoto alitoka chumbani akamkuta anapanga viti sebuleni.

"Tuna mgeni?"

"Wenzako hawaji leo?"

"Sijawaambia."

"Waambie," alisema Fundi, bila kuinua kichwa. "Waambie waje. Na yule aliyekuwa hajaisikia, mwambie alete na mwenzake."

Walikuja. Fundi aliwasalimia wote, akawaacha sebuleni, akaingia jikoni na kuuacha mlango wazi kidogo, kiasi cha vidole viwili. Alifunga bomba. Alizima jiko lililokuwa likinguruma. Kisha akasimama pale na kisu mkononi, nanasi likiwa halijakatwa, akisubiri watoto waanze kucheka.